Chupa Tupu za Masoro

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, ndugu viongozi wa sekta, wageni waalikwa, na ninyi wajitoleaji wetu wa kupe, mlioketi viti vya nyuma ingawa sherehe ni yenu: muraho neza.

Mimi ni mtu wa maabara. Sikuzoea kusifu watu. Nimezoea kuhesabu wadudu. Leo tunawapa vyeti wafugaji ambao kila wiki hukagua masikio ya ng'ombe wao, hung'oa kupe na kutuletea hapa Muhima ndani ya chupa, ili tujue kupe wa ndigana, ile homa inayoua ndama, wameenea mpaka wapi. Je, kuna kazi rahisi kuliko hiyo? Sisi wataalamu tulidhani hakuna.

Mwaka jana chupa za kilima kimoja nyuma ya viwanda vya Masoro zilikuja tupu, wiki baada ya wiki. Tukapongezana. Tukaamua dawa ya kuogeshea ng'ombe ihamishiwe kwingine, na baada ya kazi ya pamoja ya umuganda tukaitisha mkutano kuwashukuru wananchi kwa usafi wao.

Hapo akasimama Bi Claudette Ikirezi, ambaye nyumbani kwake ndama alikuwa na homa, hanyonyi.

"Daktari, dawa isiende. Ng'ombe yangu iko na kupe. Nilikuwa nazitoa, lakini mu chupa siweki."

"Na kuzipeleka wapi?"

"Nazichoma. Ng'ombe nilipewa na Mzee Melchior. Nitaonyesha watu kupe kwa zawadi yake?"

Nani kati yetu, aliyewahi kupewa ng'ombe, asiyeijua aibu hiyo? Ng'ombe wa zawadi humfugi tu, unamtunzia jina aliyekupa. Jirani zetu Waswahili wa Biryogo husema mficha maradhi, kifo humuumbua. Kilima kizima kilikuwa kinaficha, tena kwa adabu njema kabisa, nasi tukaiandika adabu ile kama matokeo ya utafiti.

Mzee Melchior alikuwa mstari wa mbele. Alimgeukia yule mama, nami nikaona haya kwa niaba ya mama huyo. Kisha akasema, "Mwanangu, mama ya huyo ng'ombe iko kwangu, na kupe ziko. Daktari, lete chupa."

Watu wakacheka, kisha mmoja mmoja wakaanza kuomba chupa. Dawa ilibaki. Ndama wa Bi Claudette, nasikitika kusema, alikufa; tulikuwa tumeshamchelewa. Wale wa majirani zake wanacheza mazizini hadi leo.

Mzee Melchior amempa Bi Claudette mtamba mwingine. Asubuhi hii chupa ya kwanza ya mtamba huyo imefika mezani kwangu, ina kupe, na chini ya jina la Bi Claudette mzee ameagiza yaongezwe maneno kwa herufi kubwa: ZAWADI YA MELCHIOR.

Nawashukuru kwa masikio yenu. Sasa njooni mbele mchukue vyeti, na viti vya mbele pia.