Punnoose Kurian na Karatasi ya Dawa Iliyorudishwa Mara Tatu

Punnoose Kurian alizaliwa tarehe 9 Februari 1957 hapa Kanjirappally, mtoto wa pili wa marehemu Kurian na marehemu Rahelamma, wakulima wa miti ya mpira. Dada yake Aleyamma ndiye aliyemlea.

Alisoma shule ya parokia, kisha chuo cha ufundi Kottayam, akamaliza mwaka 1979. Dada aliacha shule darasa la tatu ili yeye asome, na hilo hakulisahau.

Alifunga ndoa na Saramma tarehe 21 Januari 1985. Walijaliwa watoto wawili, Jaison na Sherly.

Mwaka 1994 alifungua kampuni Kottayam, watu wanne tu, wakitengeneza programu za kompyuta za zahanati. Ng'ambo ya barabara alikuwapo Rajappan na watu wake watano, kazi ileile. Waligombea wateja kama majogoo, na hakuna aliyewahi kuimaliza programu yake. Mwaka 2008 wakakubaliana wajenge moja, huria, wazi kwa yeyote kuitazama na kuitumia, halafu kila mmoja atafute zahanati zake za kuhudumia. Sharti: hakuna kinachoingia humo mpaka mpinzani akisome na kukikubali. Jumatatu moja Rajappan alimnyang'anya zahanati ya Ettumanoor. Jumanne akakaa akaisoma kazi ya Punnoose mstari kwa mstari. Watu walishangaa. Punnoose akasema, "Saramma akisoma ataniambia imependeza. Huyu hawezi."

Figo zilianza kumsumbua Juni 2023. Alibakiwa na hamu moja, aione ikiingia kwenye programu kabla hajaondoka: karatasi ya dawa kwa wasiojua kusoma vizuri, yenye picha za kuonyesha saa ya kumeza kila dawa. Alichora jua likichomoza, jua la utosini, jua likitua. Rajappan akairudisha. Punnoose akairekebisha, ikarudi tena. Aleyamma alipanda basi mpaka ofisini kwa Rajappan.

"Mtu anaondoka huyu. Mpitishie."

"Karibu, dada. Hebu nisomee. Dawa hii ya kwanza ni ya saa ngapi?"

"Asubuhi."

"Hiyo ni ya jioni, dada."

"Basi aliyechora kakosea."

"Si ndicho ninachomwambia tangu mwezi uliopita?"

Aleyamma hakumwomba radhi. Ila alimwambia mdogo wake kwamba mtu mwenye dawa mkononi hatazami jua, anatazama meza: asubuhi glasi ya chai, mchana sahani ya wali, jioni taa ya sala. Punnoose alicheka mpaka akakohoa, akachora kitandani. Ikarudi mara ya tatu, kwa sababu kwenye mashine hafifu za kuchapia taa ilifanana na glasi. Akainenepesha taa.

Jumatano tarehe 15 Novemba Rajappan alikuja mwenyewe. "Nimeikubali. Nimetafuta kosa, sikuliona."

"Ungeikubali jana ningekudharau," Punnoose alimjibu.

Alifariki Ijumaa tarehe 17, saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa Saramma.

Ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watatu, dada yake Aleyamma, na kampuni, sasa zimefika sita, zinazoijenga programu ile zikiendelea kunyang'anyana wateja. Rajappan ni mmoja wa wabeba jeneza.

Dawa za presha za Aleyamma za wiki hii zimetoka zahanati ya Ettumanoor. Karatasi yake ina glasi, sahani na taa. Ameisoma mwenyewe, hakumwuliza mtu.

Punnoose apumzike sasa. Kazi yake imekubaliwa.