Mama Darubini na Taa ya Maabara

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mliofika, familia ina karatasi mbili za kusoma leo, moja ililetwa na meneja wa maabara pamoja na shada la maua, ikisema dada yetu ameugua kwa muda mrefu, nyingine ni hii, na ile ya meneja imebaki nyumbani kwa kuwa inatia kinyaa.

Marehemu, mliyemzoea kwa jina la Mama Darubini, alizaliwa tarehe 9 Juni 1958, mtoto wa kwanza kati ya wawili wa mshona viatu na mkunga, akasoma shule ya msingi nyuma ya soko, kisha sekondari ya wasichana, kisha chuo cha mafundi wa maabara, alikohitimu tarehe 2 Desemba 1978 akiwa wa pili darasani, jambo lililomuudhi mpaka uzeeni, maana aliyemshinda alikuwa akiibia majibu kwake.

Tarehe 1 Machi 1979 aliajiriwa katika maabara inayopima mafuta ya kujikinga na jua, kazi yake ikiwa kuziweka seli za ngozi chini ya taa ya urujuanimno, ile miale ya jua inayounguza bila kuonekana, kisha kuchora alichokiona kwa darubini, kiini kilivyosinyaa, utando ulivyotoka mapovu, nyuzi za vinasaba zilivyokatika na kuungwa vibaya.

Aliolewa tarehe 17 Agosti 1984 na mwalimu wa hesabu, aliyemtangulia mwaka 2011, wakajaaliwa watoto watatu, nesi, dereva, na wa mwisho anayesema bado anatafuta njia, ambaye mama yake alimjibu kila siku kwamba njia zipo tele, kilichopungua ni juhudi.

Sasa tuseme lile tuliloombwa tusiliseme. Sanduku la taa lilikuwa na swichi mlangoni, ukifungua taa inazima, na Mei 1996 meneja, akitaka kazi iende mbio, alimwagiza fundi umeme aifunge swichi kwa waya ili taa isizime kamwe, fundi akaifunga akijua madhara yake, kwa kuogopa kufukuzwa, na fundi huyo ni mdogo wake marehemu, ndiye huyu anayewasomea. Dada alipolalamika, meneja alisema ni sekunde mbili tu, na mdogo wake, alipoulizwa mbele ya wafanyakazi wote, akaitikia kwamba haina neno, dada akamwamini, akaendelea kuingiza mkono wa kulia kwa miaka kumi na tisa. Kikulacho ki nguoni mwako.

Tarehe 11 Februari 2015 alikatwa kinyama cha doa jeusi nyuma ya kiganja, akaomba akitazame mwenyewe, akaketi kwenye darubini ya hospitali, akaviona vilevile alivyovichora maisha yake yote, safari hii vikiwa vyake, akaomba karai, akatapika. Saratani ilipanda kwapani, ikafika mapafuni, meneja akatuma katoni ya mafuta ya kampuni, dada akaagiza yapakwe bawaba za milango.

Tarehe 20 Oktoba 2017 mdogo wake alipiga magoti kando ya kitanda, akasema anajionea kinyaa kila anaposhika plaisi aliyokazia waya ule, akaomba msamaha, naye akamjibu kwamba msamaha upo, ila hautolewi chumbani, uongo ulisemwa mbele ya watu, basi na ukweli akausome mbele ya watu. Alifariki tarehe 23, saa nne asubuhi. Wazee walishauri tunyamaze, lakini mficha maradhi kifo humuumbua.

Tunamshukuru daktari aliyempisha kwenye darubini, wauguzi wa wodi ya tatu, majirani mliofua mashuka ya kidonda bila kuziba pua, na wenzake wawili wa maabara mliokuja mkijua kazi zenu ziko hatarini. Meneja hatumshukuru, shada lake liko nje ya geti, apite alichukue.

Dada, nimesoma, sikupunguza neno, na watu wote wamesikia. Pumzika kwa amani.