Verdell Mobley na Chemchemi Iliyoacha Kuchemka

Mchungaji, majirani, watu wa mtoni, na ninyi waheshimiwa kutoka Tallahassee ambao hakuna aliyewaita lakini tumewapa viti, familia inawasomea maisha ya Verdell Louise Mobley, na kwa kuwa mwenyewe aliagiza yasipunguzwe makali, hayatapunguzwa.

Alizaliwa tarehe 9 Juni 1941 hapa Hatchabee, Florida, mtoto wa tatu wa nahodha Rufus Pinkston na mkewe Idella, akabatizwa Agosti 1950 kwenye mkono wa chini wa chemchemi yetu ya Hatchabee, ule tulioachiwa sisi weusi, akaibuka meno yakigongana kwa baridi na kulalamika kwa sauti, hata mama yake akamwambia mchungaji, "Huyu bado hajaokoka, mrudishe!"

Alimaliza sekondari mwaka 1959, enzi ambazo baba yake aliruhusiwa kuwaonyesha wageni weupe samaki kupitia sakafu ya kioo ya mashua yake, ila binti yake hakuruhusiwa kuogelea juu ya samaki haohao, akaenda chuo kikuu, akarudi na shahada ya biolojia mwaka 1963, na kwa miaka thelathini na minne akawafundisha wengi mliomo humu, wakiwemo waliokuwa wakilala darasani, nao wanajijua.

Tarehe 12 Juni 1965 alifunga ndoa na Alton Mobley, fundi wa injini za mashua, aliyetutangulia mwaka 2008, wakajaliwa watoto wawili, Renata na Curtis, na mjukuu mmoja, Nyla.

Sasa wageni waelewe jambo moja, kwamba pale maji yanapotoka mwambani yakirusha mchanga juu, kwetu tunasema chemchemi inachemka, ingawa ni baridi ya kuuma mifupa, na asubuhi watu wa mtoni huulizana imechemkaje kabla hata ya kuulizana hali. Verdell aliiona ikichemka kwa nguvu, kisha kwa unyonge, kadiri pampu za kampuni ya maji ya chupa zilivyoongezwa na mbolea za mashambani zilivyozidi kupenya ardhini, mpaka mchanga ukalala na ukoga wa kijani ukatanda.

Ndipo tarehe 12 Machi 2019 akapanda gari hadi bunge la jimbo kule Tallahassee, akasimama mbele ya kamati ya Mheshimiwa Grady Culpepper, mwakilishi wetu, kuunga mkono mswada wa kupunguza pampu hizo, akasema, "Hatchabee imeacha kuchemka."

Mheshimiwa akatabasamu. "Mama, mbona hiyo ni habari njema? Watoto wetu hawataungua."

Mawakili wa kampuni walicheka, bila shaka kwa kuwa ndiyo kazi yao, lakini Verdell alisubiri wanyamaze.

"Mwanangu, miaka mitano unatuwakilisha, hujawahi kuchovya hata kidole cha mguu?"

"Nimefika pale mama, hata picha nilipiga."

"Niliiona. Uliipa chemchemi mgongo."

Mswada ulizimwa siku hiyohiyo. Miaka miwili baadaye visima vyetu vikaingiwa na mbolea, serikali ikatutangazia tuchemshe maji, Verdell akapiga simu kueleza kwamba mbolea haitoki kwa kuchemshwa, inazidi kukolea, na kijana wa upande wa pili akamwambia, "Bibi, fuata maelekezo tu." Akamjibu, "Chemchemi mmeizuia isichemke, sasa mnataka tuchemshe wenyewe?"

Alianza kuugua figo Septemba 2022. Hatusemi maji ndiyo yaliyomuua, daktari hakusema hivyo, na yeye angetufokea kwa kudai tusicho na ushahidi nacho. Tunasema tu kwamba alitamani kumwona Nyla akibatizwa Hatchabee, akaikuta imezungushiwa uzio na kibao cha hatari, kanisa likanunua kibwawa cha plastiki na kukijaza maji ya chupa, ya kampuni ileile, yenye picha ya Hatchabee kwenye lebo, naye akamshika mjukuu mkono wakaondoka. "Mtoto atangoja," alisema, "si wa kumzamisha ndani ya tangazo la biashara." Alifariki nyumbani tarehe 2 Februari 2024, na Nyla bado anangoja.

Familia inawashukuru madaktari, muuguzi Corinne aliyekuwa akimsomea magazeti na kuvumilia maoni yake, majirani mlioleta kambale wa kukaanga na pai za viazi vitamu, walimu wenzake, na manahodha wote wa mashua za kioo.

Mheshimiwa Culpepper, shada lako tumeliona, limeandikwa "Alipenda maji yetu," nasi tumeshindwa kujua hayo maji ni yenu wewe na nani. Alhamisi hii mswada uleule unarudi mbele ya kamati yako, na majirani wameshakodi mabasi mawili, tutajaa kwenye viti vya ukumbi wenu na Nyla atakaa mbele yetu akiwa na gauni lake la ubatizo, kwa hiyo wewe hatukushukuru leo, tutaangalia mkono wako kwenye kura kwanza.

Verdell, pumzika kwa amani, wewe umemaliza zamu yako. Hawa hatutawaacha wapumzike.