Batoto wa Karatasi

Siku ya posho, yaani Jumamosi, tarehe kumi na nne, mwezi wa kumi na moja. Mvua ilianza asubuhi, ikatulia, ikarudi. Mabati ya kanisa yalipiga kelele mpaka nikasema kwa sauti ambayo si yangu. Leo nimetoa ushuhuda mbele ya bamama wa kikundi chetu hapa Baraka. Naandika vile nilisema, kadiri ninavyokumbuka. Kama nimejipamba mahali, Mungu anaona.

Ndugu zangu, bamama, mi si muntu wa masomo. Nilifika mwaka wa sita wa shule ya primaire, basi. Lakini namba zangu zilikuwa safi, ndiyo maana nilichaguliwa kuwa relais, yule anayepita nyumba kwa nyumba kupima mikono ya batoto. Utepe mnaujua: kijani mutoto iko muzima, manjano njaa imeanza, nyekundu iko hatarini. Kila mwezi kaye yangu, daftari la namba, ilienda bureau ya shirika lililoleta chakula, na kwa kaye hizo shirika liliamua pakiti za karanga ya kusaga ziende wapi. Mi niliona naandika namba tu. Kumbe nilikuwa nagawa chakula.

Mwezi mmoja mto ulijaa. Ng'ambo kuna nyumba chache, za watu wa hapa na za wale walioshuka kutoka milima ya Minembwe kwa kukimbia vita. Nilisimama kwenye maji, nikarudi. Sasa kaye ifanywe nini? Shuleni kwetu aliyeacha nafasi wazi alichapwa. Basi nikachukua namba za mwezi uliopita, nikaongeza kidogo kwa kila mutoto, kwani mutoto hukua.

Wengine wamesema niliwaacha kwa kuwa ni bantu ba milimani. Nimejiuliza. Walikuwako wa pande zote mbili kule, na miguu yangu inasema kilichonizuia ni mto. Lakini kama dada yangu angeishi ng'ambo, nadhani ningengojea maji yashuke. Hilo nalo niliseme.

Mwezi uliofuata maji yalishuka, ningeweza kwenda. Nawaambia, ndipo niliogopa zaidi. Nikikuta mkono mwembamba kuliko ule nilioandika, nitasema nyama yake imeenda wapi? Nikaongeza tena. Na mwezi wa tatu tena. Batoto wangu wa karatasi walinenepa vizuri, hakuna aliyehara, hakuna aliyepata malaria.

Superviseur, mkubwa wetu sisi relais, alichora mstari wa namba zangu ukutani mwa bureau, unapanda kama njia ya Fizi. Aliniita mama wa mfano. Nilipewa kikwembe, nikakivaa humu kanisani, na ninyi mkanisifu. Siwalaumu, hamkujua. Kisha akatangaza kwamba ng'ambo wamepona, pakiti zihamie upande wa Nundu. Kule pia njaa ilikuwa ya kweli, sisemi walikosea kuwapa. Nilifungua mdomo niseme. Nikaomba chai.

Tangu siku ile nilizungukia njia nyingine kwenda sokoni, nisionane na muntu wa ng'ambo. Nikisema, nafukuzwa, na kaye za relais wenzangu nazo zitadharauliwa, na wao walipima kwa haki. Nikinyamaza, mutoto gani ataanguka? Niliomba mto ujae tena ili niwe na sababu. Ndiyo sala niliyoomba, bamama.

Wao wa ng'ambo hawakungoja sala yangu. Mama mmoja alivuka, akanikuta nyumbani naanika muhogo. Mgongoni alikuwa na mutoto wa kike, kimya sana. Hakukaa.

"Mama relais, kule bureau bananiambia mutoto wangu iko kijani kwenye kaye yako. Mi sijakuona tangu mvua ianze. Ulimupimia wapi?"

Nilileta utepe, nikauzungusha kwenye kamkono kale. Nyekundu. Kaye ilikuwa wazi mezani, na kwenye jina lake palikuwa na kijani changu cha miezi mitatu.

"Sikuja kukutukana," akasema. "Andika tu ile unaona."

Niliandika. Kisha nilimbebea mutoto mpaka hospitali, na kutoka hapo nikaenda bureau peke yangu.

Superviseur alifungua kaye, akapitisha kidole kwenye namba zangu. Nilitegemea matusi. Akasema, "Mama, ungeacha nafasi wazi. Nafasi wazi ingetuambia kuna mto."

Alichukua utepe na kaye, na ilikuwa haki yake. Walipima ng'ambo upya: wengine walikuwa wazima, lakini manjano walikuwa wengi na nyekundu hakuwa yule mmoja tu. Pakiti zikarudi. Mutoto yule aliishi, leo anakimbiza kuku. Sijui kama kuna mwingine niliyemuumiza nisimjue.

Nilikaa bila kazi, nikiona haya hata kuchota maji. Aliyenirudisha ni mama yuleyule. Kwenye mkutano wa bamama na bureau alisema nirudi, lakini bamama wasome utepe pamoja nami. Ndivyo tunavyofanya sasa: mama anataja rangi kwa sauti, ndipo naandika. Kuna bibi mmoja hunyoosha na mkono wake, anasema naye iko mutoto, tusimuruke.

Namushukuru mama yule, yuko kati yenu, simtaji. Namushukuru superviseur, ambaye naye alikubali mbele ya wakubwa wake kwamba alipenda mstari wake kuliko kuvuka kuona. Neno ninalowapa ni dogo: penye usichokiona, acha wazi. Mwenye kutaka kusaidia atauliza kwa nini.

Ndivyo nilisema. Walipiga makofi, sijui kama nilistahili. Jioni tulikula bugali na sombe, majani ya muhogo. Mume wangu aliona naandika, akasema niongeze humo kwenye karatasi na ndakala kidogo, wale dagaa wa ziwani, nani atajua. Tulicheka. Hapakuwa na ndakala.