Mti wa Maua Matupu

Benchi langu la mianzi lina miguu mitano. Mmoja ulivunjika siku jirani yetu Redio alipokuwa akituonyesha jinsi tembo anavyokaa, likatiwa miwili mahali pake, kwa usalama. Liko mbele ya kibanda changu cha kahawa, pale barabara ya kutoka mji wa Blitar inapopinda kuingia mtaani kwetu. Mimi ndiye Yu Ginem. Nauza kahawa inayonywewa na machicha yake na tempe ya kukaanga, vipande vya soya iliyochachuliwa, na nimechoka kusikilizishwa uongo kabla ya saa mbili asubuhi. Siku hiyo mishokishoki yote kumi na saba ya mtaa ilikuwa imechanua. Mzee wetu, Mbah Sarkam, alikuja kutuuliza apande mti gani, maana saa tatu mwenye msumeno wa mashine angekuja kuukata wa kwake. Mshokishoki ule mkewe, Lasinem, aliupanda kwa mbegu mwaka wa tatu wa ndoa yao. Una miaka thelathini na mmoja, unachanua kuliko yote, na haujawahi kutoa tunda hata moja. Wenyewe nao Mungu hakuwajaalia mtoto.

Redio, fundi pampu ambaye hajui kunyamaza, ndiye aliyeanza.

Redio: Panda mshokishoki wa Binjai, Mbah. Tunda kubwa, jekundu, ukilitia mdomoni shavu linavimba!

Kitalu: Wewe unawaza mashavu, mwenzio anawaza meno. Mbah, Mama Lasinem amebakiwa na meno mangapi?

Kitalu jina lake Mudakir. Anauza miche, anaizungusha kwa pikipiki.

Mbah Sarkam: Matano. Manne ndiyo yanayofanya kazi.

Kitalu: Basi ni Rapiah. Tunda dogo, la kijani, sura mbaya kweli, lakini nyama yake inabanduka kwenye mbegu kavu kabisa. Hata fizi zinatosha. Huu hapa mche wa kubebesha, umeungwa tawi la mti unaozaa, mwaka wa tatu mnakula.

Redio: Sura mbaya mbele ya nyumba ya watu? Kama ni hivyo bora apande mti wa maua. Kamboja! Maua meupe, harufu tamu…

Mimi: Kamboja ni wa makaburini, wewe! Mtu yuko hai unampandia kamboja mlangoni?

Redio: Yu Ginem, siku hizi mahoteli yote wameupanda.

Mimi: Basi wakafie hukohuko. Kula tempe yako, inapoa.

Mbah Sarkam: Mimi nataka wa kuzaa tu. Maua nimeyaona vya kutosha.

Redio: Lakini Mbah, ule si tuliutisha? Mwaka juzi! Wewe na panga unaupiga shina, “Unazaa au nikukate?” Mimi nimejificha nyuma nauitikia, “Nisamehe, nitazaa!” Nikalia na machozi.

Mimi: Na haukuzaa.

Redio: Haukuzaa kwa sababu unatazamana na makaburi, unaona haya. Au kuna jini mle. Mmewahi kupita pale asubuhi? Mti unavuma! Mimi huwa nashuka kwenye baiskeli.

Kitalu: Jini gani? Ule ni dume. Mti wa mbegu ni bahati nasibu, na yeye aliangukia dume. Kazi yake maua tu, hauna faida. Kata, Mbah, usiuonee huruma.

Mbah Sarkam aliizungusha bilauri yake mezani. Yeye si msemaji, kwa hiyo alipofungua mdomo hata Redio alimpisha.

Mbah Sarkam: Msimu uliopita, kwenye karamu ya kule msikitini, kila nyumba ilipeleka mashokishoki. Lasinem akapeleka mihogo ya kuchemsha. Mmoja akasema, “Mti na wenyewe wamefanana.” Wakacheka, naye akacheka nao. Aliporudi akaiosha ile sahani, akaiosha tena, akaiosha tena. Nataka mara moja tu, kabla hatujafa, atoke mlangoni na sahani ya matunda yake.

Nilijishughulisha na kikaango. Moshi uliniingia machoni, mtu asiniulize.

Mwenye msumeno naye akafika. Akauegemeza msumeno kwenye benchi, akaomba kahawa. Redio akadakia.

Redio: Mimi nawaambia, mti ule unazaa. Ila matunda yake yanatokea kwetu! Mnacheka? Ninyi hesabuni. Wa kwangu umepakana nao ukuta kwa ukuta, unazaa hadi matawi yanakatika. Wa Yu Ginem hivyohivyo. Ule wa shemeji yangu, huko ng'ambo ya mto peke yake, mche uleule wa Kitalu, unatoa vitunda kama gololi, ndani hewa tupu.

Tulicheka, jamani. Kitalu alicheka mpaka kahawa ikamtoka puani.

Mtu mmoja tu ndiye hakucheka. Alikuwa mwanamke mgeni, kofia yake ya chandarua ameikunja kichwani, anangoja nimfungie tempe. Ni mfuga nyuki, anahama na masanduku yake kufuata maua, na siku ya tano hiyo alikuwa ameyapanga kando ya mfereji.

“Samahani,” alisema. “Mti mnaousema ni ule mkubwa, nyumba yenye bati la bluu? Nyuki wangu wanashinda pale asubuhi yote, halafu ndio wanasambaa kwenye hii mingine. Mmesema ni dume.”

Kitalu: Dume kabisa.

“Na hii mingine yote ni ya kubebesha, majike?”

Kitalu: Yote. Nimeiuza mimi.

“Sasa mkishaukata,” aliuliza, “hii mingine itazaa na nani?”

Kitalu aliuweka chini mche wake. Mimi nikaukumbuka mshokishoki wangu, nyuma ya kibanda, na vikapu ninavyojaza kila mwaka. Wallahi, miaka yote hiyo tulikula kwa Lasinem, na maganda tukamtupia mlangoni.

Mwenye msumeno aliusukuma msumeno wake chini ya benchi kwa mguu, polepole.

Mbah Sarkam alinyanyuka bila kumaliza kahawa. Tukamfuata, sote, mimi nikauacha moto unawaka. Kwenye ule mti tulisimama kama watu tusiowahi kuuona. Juu kulikuwa na nyuki maelfu, mvumo wao unaingia mpaka kifuani, na vumbi la njano linatushukia kichwani na mabegani. Redio alivua kofia.

Lasinem akatoka mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi. Alituona, akamwona na mwenye msumeno nyuma yetu. Uso ukamshuka.

“Mmekuja kuukata, watu wote hawa?”

Mwenye msumeno alimwonyesha mikono mitupu.

“Tumekuja kuuamkia,” Mbah Sarkam alisema. “Lasinem, njoo. Njoo nikuonyeshe watoto wako.”

Akamshika mkono, akaanza kumwonyesha kwa kidole, nyumba baada ya nyumba, mishokishoki kumi na sita.