Neno Alilolimeza Watiri

Wasikilizaji wapendwa, amani iwe nanyi. Mlio jikoni, sogezeni redio karibu. Leo tunamkumbuka Mama Watiri wa Kiganjo, muuza viazi wa soko la Karatina, aliyelala katika Bwana juma lililopita.

Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Mtamba wa mtu alipotea sokoni. Vijana wakamshuku mgeni, Hashi, mchuuzi wa ng'ombe kutoka Nanyuki. Fimbo zikainuliwa. Hashi akajitupa nyuma ya magunia ya Watiri. Askari alikuwa mmoja tu, tena mtu wa Pwani asiyejua Kikuyu. Akauliza kwa Kiswahili, "Mama, huyu unamjua?"

Watiri aliogopa. Alitaka kusema, "Ni mtu wa mbali, simjui." Lakini ndimi zetu sisi wa huku mnazijua, l hugeuka r. Akasema, "Ni mtu wa mbari." Na mbari kwetu ni ukoo.

"Ati mbari yenu?" Mzee Kihara akashangaa. "Na hiyo pua ndefu aliitoa wapi?"

"Wacha wewe! Pengine ni mkwe," mama mmoja akamjibu.

Watu wakacheka. Fimbo zikashuka. Lile "simjui" lilikuwa bado mdomoni mwa Watiri. Akalimeza. Haukupita muda, mtamba akaonekana nyuma ya kinu cha unga, anakula kabichi za watu.

Soko zima likamsifu Watiri. Yeye hakujisifu. Bintiye Monicah anasema, "Miaka mingi Mama hakushiriki Meza ya Bwana. Alisema, 'Nilitaka kumkana mtu, kama Petro alivyomkana Bwana. Nyinyi mnasifu tunda, Mungu aliona mti.'"

Mwaka jana akaugua. Hashi akaja kumwona, na Mama akamweleza yote.

Hashi akauliza, "Mama, walipokuelewa vingine, mbona hukuwasahihisha?"

"Nilikuona ukitetemeka, mwanangu."

"Basi ulimi ulikosea wenyewe. Lakini kunyamaza, ulinyamaza wewe, kwa kunihurumia."

Watiri akalia, kisha akacheka. Jumapili iliyofuata alishiriki Meza ya Bwana. Monicah anasema alitoka kanisani kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

Pole sana, Monicah. Pole, Bwana Hashi. Mama ameenda akiwa mwepesi, na Mungu ashukuriwe.

Nasi, wapendwa, kabla ya sala ya jioni, tumkumbuke mtu mmoja ambaye tulinyamaza mbele yake. Kimya kile kilimponya, au kilimwacha peke yake?