Fundi wa Sanduku la Bado

Ijumaa hii, tarehe 28, fundi mkuu wa madawati anaiaga karakana yetu baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Hiyo miezi minne kaisisitiza mwenyewe. Mtu anayepima ubao mara tatu kabla ya kuukata hawezi kukubali utumishi wake uandikwe kwa kukadiria.

Karani ndiye aliyetakiwa kuandika haya, lakini alisema mimi wa jikoni namjua fundi kuliko faili lake. Ni kweli. Nimemchemshia chai miaka kumi na sita, na miaka yote hiyo tumegombania kuni.

Alianza akiwa kijana mwembamba wa kupiga msasa, karakana ikiwa na meza mbili na paa linalovuja. Akapanda akawa wa randa, kisha wa kuunganisha, mpaka ikawa dawati halitoki hapa bila yeye kulipitishia kiganja. Wanangu wote watatu wameyakalia madawati hayo, na hakuna hata mmoja aliyerudi nyumbani na nguo iliyochanwa na msumari. Anayefua ndiye anayejua hilo ni jambo kubwa kiasi gani.

Kasi hana. Leo si siku ya kufichana. Mlango wa ofisi ya meneja ulikaa miezi miwili bila kitasa kwa sababu fundi alikuwa hajaridhika na tundu lake. Meneja alizoea kuongea na wageni huku ameuzuia mlango kwa mguu, na mpaka leo akiongea jambo zito, mguu wenyewe unanyooka.

Halafu vipande. Asubuhi nikikusanya makombo ya mbao niyawashe chini ya birika, fundi hufika jikoni, huchuchumaa mbele ya jiko kama daktari anayezungukia wagonjwa, kisha huyatoa moja moja. Kipande cha urefu wa kidole. Mguu wa kiti. Hata bawaba zenye kutu. Vyote huingia kwenye sanduku chini ya meza yake, ambalo ameliandika kwa chaki: BADO. Ukimwuliza kipande fulani kina kazi gani, hujibu, "Bado, mama," na kuendelea na randa yake. Siku moja nilipandwa na hasira nikachoma mguu wa kiti. Hakunywa chai yangu siku mbili. Mimi ndiye niliyekosa usingizi. Siku ya tatu nikampelekea mguu mwingine, nimeufunga kitambaa kama mgonjwa, ndipo akacheka.

Kwa nini leo silisemi vibaya sanduku hilo? Kuna sababu, na ina miaka mitatu sasa.

Binti yangu mkubwa alijifungua ng'ambo, mahali asipo na mama wala shangazi. Siku ya tatu mtoto alikuwa bado hajashika ziwa vizuri. Binti akanipigia simu ya video saa nne asubuhi, analia, mtoto naye analia. Mimi roho juu. Nilitaka kumwonyesha namna ya kumpakata, lakini kupakata kunataka mikono miwili, na simu nayo inataka mkono. Nikaiegemeza kwenye kopo la sukari, ikateleza. Nikaiegemeza kwenye birika, ikaangukia beseni la vikombe. Bahati maji nilikuwa nimeshayamwaga. Binti yangu aliona dari, akaona goti langu, akaona dari tena.

Fundi alikuwa amekuja kufuata chai. Alirudi kwenye sanduku lake, na yule yule wa miezi miwili na kitasa akaleta stendi ya simu kabla chai yake haijapoa: kitako cha droo iliyovunjika, ubao wa kuegemeza, ukingo mwembamba wa kuzuia simu isiteleze. Nzuri kweli. Kasoro moja tu. Aliipima kwa kimo chake yeye, akiwa amesimama, na mimi nakaa kwenye kigoda. Binti akaniambia, "Mama, nakuona nywele."

Niliwahi kumwona fundi akiaibika mara hiyo moja tu. Akaniambia nikae kama ninavyokaa siku zote, akatoa futi yake, akapima kutoka usoni kwangu mpaka mezani. Mara tatu! Mtoto analia kwenye simu, yeye anapima. Kisha akafunga zile bawaba zenye kutu ili ubao uinuke na kulala, akauwekea mguu nyuma, na kuchonga meno matatu kwenye kitako ili mguu ukae popote utakapo. Jino la kwanza la kusimama, la pili la kigoda. Nikamwuliza la tatu la nini. Mnajua alivyojibu.

Halafu akazima msumeno wa umeme, yeye ambaye hakuwahi kuuzima hata kwa wageni rasmi, akasimama nje ya mlango wa jikoni kuzuia watu. Mimi ndani nimepakata taulo lililokunjwa, namwonyesha binti: kichwa hivi, kidevu hivi, usimsukume. Kila baada ya muda sauti inatoka nje, "Amenyonya?" Najibu, "Bado." Tena, "Amenyonya?" "Bado, kaka!" Mara ya nne nikaita, "Amenyonya, kaka!" Alipogeuka kuwaambia wenzake, penseli ilimdondoka sikioni.

Mtoto huyo sasa ana miaka mitatu, na kila akipiga anauliza babu wa mbao yuko wapi.

Kaka, tumekununulia simu ya kuonana, maana hiyo yako ya vitufe haina jicho. Stendi nimeitengeneza mimi, kwa vipande nilivyoviiba kwenye sanduku lako ulipokuwa mkutanoni. Nilipima mara moja tu, kwa hiyo imeinama kushoto. Najua utaipiga msasa kabla hujafika nyumbani. Wifi kaniambia sanduku lenyewe litakaa chini ya kitanda; nimempa pole.

Asante kwa madawati, na kwa asubuhi ile. Tunakuombea goti lisilouma na siku ndefu za raha. Stendi yangu, ile uliyonitengenezea wewe, nitaiweka juu ya meza yako hapa karakanani. Jana nilijaribu: kwenye jino la tatu, simu inaona karakana nzima, kuanzia msumeno hadi mlango wa jikoni. Tupigie Ijumaa ijayo saa nne, wakati wa chai. Ila pima kiti chako kwanza, kaka. Tunataka kukuona uso.